Gari la Baba, Mgongo wa Mama

Mama alilichukia gari lile tangu siku baba alipolileta. Aliliita ngamia, na hakuliita hivyo kwa mahaba. Lilikuwa gari la Kifaransa, refu, jeusi, gari la wakubwa, ambalo baba alilipata kwa meneja mmoja mgeni aliyekuwa anamaliza kazi yake Mombasa na kurejea kwao. Baba alikuwa wakala wa forodha, mtu wa kutoa mizigo ya watu Kilindini, na kwa macho ya mama mtu kama huyo hakuwa na haja ya gari linalopiga magoti. Maana ndivyo lilivyokuwa. Ukilizima, lilishuka polepole mpaka tumbo likakaribia lami. Ukiliwasha, liliinuka nyuma kwanza, kisha mbele, likatulia, ndipo uweze kwenda. Baba hakuweza kuliwasha bila kutuita tutazame. Mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba ameukumbatia, akingoja limalize kuinuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwama na mgeni asiyejua kuaga.

Baba alipofariki, wa kwanza kuniambia niliuze alikuwa mama. Nilikataa. Wakati huo nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya uwakala huko huko Kilindini, na ukweli ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha baba. Ndugu zangu walichukua vitu vya maana. Mimi nikaachiwa gari ambalo karibu kila fundi wa kisiwani alilitazama, akafuta mikono, akanitakia heri. Vichochoro vya kwetu Mji wa Kale havipitishi gari la upana ule, kwa hivyo lilikaa nje, upande wa Ngomeni, limelala juu ya lami, na paka wakalifanya baraza lao.

Kisha mgongo wa mama ukaanza kuliwa. Sina neno jingine la kusema. Ugonjwa ulianzia titini, likakatwa, tukasema alhamdulillahi yamekwisha, kumbe ulikuwa umehamia mifupani. Daktari alituonyesha picha yenye pingili za uti wa mgongo, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba hazikuwa nzima. Ikawa kila wiki lazima apelekwe hospitali, kwanza kwa mionzi, baadaye kwa dawa ya mshipani ya kumpunguzia maumivu. Hospitali yenyewe ni hapa hapa kisiwani. Mtu mwenye afya anaweza kwenda kwa miguu asubuhi na akarudi na mkate mkononi. Kwa mama njia ile ilikuwa ndefu kuliko ya Makka.

Mara ya kwanza tulikwenda kwa tuk-tuk. Alitafuna ncha ya buibui lake njia nzima, na tulipofika nililiona limelowa na limetoboka. Mara ya pili nilikodi teksi, na nikamwambia dereva apande matuta polepole. Akaniambia anapanda polepole. Nikamtolea maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua. Mama, katikati ya maumivu yale, akaniamuru nimtake radhi kijana wa watu, nami nikamtaka radhi kwa sauti ya mtu anayetema mate. Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nawaza siku ya tatu itakuwaje, na ndipo nilipokumbuka jinsi gari la baba lilivyokuwa linapita juu ya mashimo kama vile mashimo ni ya watu wengine.

Nitaeleza kidogo, kwa sababu yaliyofuata yote yametokana na hapo. Magari mengine yana springi na shokomzoba. Lile halina. Kila gurudumu lina tufe la chuma, ukubwa wa balungi, na ndani ya tufe mna gesi upande mmoja na mafuta upande wa pili, na kati yao ngozi ya mpira. Pampu inasukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, gari linainuka. Gurudumu likiangukia shimoni, mafuta yanasukuma gesi, gesi inajikunja na kujikunjua, na aliye ndani hajui. Mafuta hayo ni ya kijani, ni ya aina yake peke yake, na hayo hayo ndiyo yanayofanya kazi ya breki. Baba alinieleza haya mara nyingi, nikiwa sitaki kusikia.

Nilitafuta betri, nikatafuta tairi. Kwa mafuta nilikwenda duka la spea la Mhindi mmoja upande wa Mwembe Tayari, Muislamu mwenye ndevu nyeupe ambaye baba alikuwa akinunua kwake. Huwezi kuingia dukani kwake ukauliza kitu moja kwa moja. Utaulizwa hali yako, hali ya mama, hali ya nyumbani, ndugu mmoja mmoja, na yeye utamuulizia wake, kisha ndipo biashara ianze. Alikuwa bado na makopo ya mafuta ya kijani, yamejaa vumbi nyuma ya rafu. Alisema alikuwa ameyaweka kwa ajili ya baba.

Siku ya kwanza kumpeleka mama kwa gari lile, wanaume wa barazani walimbeba kwenye kiti. Hiyo ndiyo desturi ya mtaani kwetu mgonjwa anapotolewa nyumba ya ghorofa: unapeleka habari msikitini, na baada ya sala wanakuja, wanapanda ngazi kwa kupiga hodi na kukohoa ili wanawake wajisitiri, wanamshusha mgonjwa juu ya kiti cha mbao, wanampitisha vichochoroni mpaka barabarani. Mama alibebwa akiwa amejifunika vizuri, anawasalimu watu mlango kwa mlango kama bibi harusi. Akawekwa kiti cha nyuma. Nikawasha. Gari likajiinua nyuma, likajiinua mbele, likatulia, tukaenda.

Nilikuwa nikimtazama kwenye kioo. Tulipita tuta la kwanza, la pili, tukapita pale ambapo lami imechimbwa ikaachwa. Alikuwa amefumba macho. Tulipofika mlangoni pa hospitali akafungua macho.

"Kumbe babako alikuwa na akili," akasema.

"Umeumia, mama?"

"Kidogo tu. Alhamdulillah."

Hilo "kidogo tu" nililishika kwa mikono miwili. Mama alikuwa mtu ambaye ukimuuliza ameamkaje atakwambia alhamdulillah hata kama hajafumba jicho, na daktari alikuwa akipata taabu naye kwa sababu hiyo. Lakini mimi nilikuwa na njia yangu ya kujua. Maumivu yakimchoma, alikuwa akimwita Mola Mpole chinichini, "Ya Latifu." Hakuwa akijua kwamba ninasikia. Kwenye tuk-tuk niliisikia bila kukatika. Ndani ya gari la baba, siku ile ya kwanza, sikuisikia hata mara moja. Tangu hapo nikajiwekea jambo moja tu duniani: mama aende hospitali na arudi bila ya neno lile kumtoka.

Nikawa fundi basi, kwa kulazimika. Jumamosi nilitandika mkeka kando ya gari, nikavaa suruali ya marehemu baba chini ya dera, nikaingia uvunguni. Nilijifunza kwanza kutoingia uvunguni mwa gari lile bila ya kuweka mawe makubwa, maana linaweza kukushukia. Nilijifunza kufuta mabomba na kuangalia wapi panavuja. Wapita njia waliniona miguu tu. Wanaume wa barazani walinitania, wakauliza kama fundi bibi anachukua na pikipiki. Niliwajibu kwamba nachukua, ila mwenye pikipiki aje amevaa sanda. Walicheka. Mama akiyasikia hayo dirishani, yakirudiwa barazani chini yake, alikuwa akitikisa kichwa, lakini alikuwa akiuliza kila nikipanda juu, "Limekwambiaje leo?" Kama vile nimetoka kumwangalia mgonjwa mwengine.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda, na nikaanza kujiona mjanja. Ndipo jirani yetu alipofanya wema.

Alikuwa mzee wa barazani, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye karakana ya magari ya mizigo, mmoja wa waliokuwa wakimbeba mama. Asubuhi moja ya siku ya hospitali alipita Ngomeni akaona doa la mafuta chini ya gari. Akafungua boneti, maana mtaani kwetu boneti ya jirani ni kama sufuria ya jirani, hufunguliwa bila kuulizwa. Akaona tangi limepungua. Akajua, kwa kuwa baba alimweleza zamani, kwamba mafuta yale ndiyo yanayoendesha breki. Na mafuta yanayoendesha breki ni mafuta ya breki, au siyo? Hata mimi ningefikiri hivyo. Akaenda dukani, akanunua chupa za mafuta ya breki, akajaza tangi mpaka alama ya juu. Hakunambia kitu. Kwetu, mtu akimfanyia mgonjwa jambo la heri hatangazi, anamwachia Mungu thawabu.

Mafuta ya breki yanakula sili za gari lile, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje. Sikujua. Nilijua tu kwamba wiki zilizofuata gari lilianza kuchelewa kuinuka. Lilikuwa likikaa limeinamisha pua, linatetemeka, kisha linapanda kwa shida. Kisha njiani likawa gumu. Kwenye tuta la mbele ya soko nilisikia nyuma yangu, "Ya Latifu." Nikadhani nimesikia vibaya. Tuta la pili, "Ya Latifu." Nikashika usukani mpaka vidole vikaniuma.

Nilitafuta fundi kila pahali. Aliyenisaidia nilimpata kupitia kazini: bwana mmoja wa kutoka bara, Mkristo, anayetengeneza mashine za makontena ya baridi pale Kilindini. Gari kama lile alikuwa hajawahi kuligusa, na alisema hivyo waziwazi, jambo lililonifanya nimwamini. Lakini alikuwa na mitungi ya gesi ya naitrojeni, na aliijua presha kama mtu anavyomjua mkwewe, kwa adabu na kwa tahadhari. Akachovya kidole kwenye tangi, akanusa, akanigeukia.

"Mama, hii gari iliwekwa mafuta ya breki."

"Na nani?"

"Hiyo sijui mimi. Lakini imeharibu mpira yote huko ndani. Na hizi vitufe gesi imeisha, zimekuwa kama jiwe."

Nilikwenda nyumbani mbio. Haikuchukua muda kujua. Niliuliza barazani kwa sauti, na yule mzee akasema kwa uso wa furaha kabisa kwamba ni yeye, na kwamba hakutaka kusema. Sikumjibu pale pale, kwa kuwa nilijua mdomo wangu. Nilipanda juu. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yote nitakayomwambia, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa na huruma. Alasiri akapiga hodi, yeye na mkewe. Mkewe amebeba bakuli la supu ya mifupa kwa mama, imefunikwa kwa kitambaa.

"Nasikia gari yasumbua, mwanangu," akasema yule mzee. "Mimi n'liona mafuta yamepungua, nikasema bibi asije akapata shida ya breki ndiani."

"Ahsante, ami," nikasema. "Umefanya jambo kubwa."

Mama alikuwa amelala ubavu, ananitazama. Alijua nilitaka kusema nini. Nilipokea bakuli, nikaenda jikoni, nikaliweka mezani, nikauma kanga yangu mpaka walipoaga. Nilimchukia mzee yule. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wangu wote, mtu mwema asiyewahi kutukosea, na kila mama aliposema "Ya Latifu" njiani, nilimwona yeye na chupa yake mkononi.

Fundi wa makontena aliyamwaga mafuta yote. Tulilisafisha gari kwa mafuta ya kijani tena na tena mpaka yakatoka bila harufu ya yale ya breki, na akabadilisha sili alizoweza kuzipata au kuzichonga. Alijaribu kuyajaza matufe ya zamani gesi, lakini ngozi za ndani zilikuwa zimepasuka, gesi ikawa inapita kwenda kwenye mafuta. Lazima yapatikane mapya. Nikarudi kwa yule bwana wa spea.

"Bhai, nataka matufe mapya. Yote."

"Mama hajambo?"

"Bhai, mama anaumia."

Hii ilikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo, bila ya kupita kwenye adabu zote. Akavua miwani. Akasema ataagiza kwa ndugu yake ng'ambo, yatakuja kwa meli, na nisiwe na shaka. Mimi mwenye kufanya kazi ya kutoa mizigo bandarini ndiye niliyejua zaidi ya yeyote maana ya neno "yatakuja kwa meli". Kila siku nilikuwa naulizia kontena la watu kama mtu anayengoja mwana.

Siku zile za kungoja ndizo nisizozipenda kuzikumbuka. Safari za hospitali hazikusimama. Gari liliinuka kidogo tu na kwenda kigumu, lakini bado lilikuwa afadhali kuliko tuk-tuk, au nilijiambia hivyo. Nilipanga mito kiti cha nyuma. Nilijua kila tuta, kila kifuniko cha mtaro, nikawa napita upande usio wangu kukwepa mashimo, wenye malori wananipigia honi na kunitukana. Nyuma yangu neno lile lilikuwa likitoka mara kwa mara, na kila likitoka nilikuwa nikisema kwa sauti, "Ni mafuta yale, mama. Vumilia, matufe yanakuja." Naye akiitikia, "Inshallah."

Nyumbani alikuwa anakula kidogo, kisha kidogo zaidi. Aliacha kukaa dirishani. Mikono yake ilikuwa miepesi nikiishika. Daktari alinivuta pembeni siku moja akaanza kunieleza jambo, nikamwambia kwamba njia ndiyo inayomchosha, na kwamba gari lina hitilafu. Akanitazama kidogo. Akasema sawa. Nilimwona mpumbavu, daktari yule. Nilijiuliza atajuaje kuhusu maumivu ya barabarani mtu anayekaa na kiyoyozi mchana kutwa.

Matufe yakafika. Nilikwenda kuyachukua mwenyewe, yamefungwa kwa karatasi ya nta, mapya, yanang'aa. Fundi wa makontena alikuja siku yake ya mapumziko, baada ya kanisa, akiwa bado amevaa shati jeupe, akalivua akalitundika kwenye dirisha la gari. Tulifanya kazi mchana ule wote. Mwisho akaniambia niwashe. Gari lilijiinua bila kusita, laini, likasimama mahali pake, nami nikapiga kofi kwenye paa kama mwendawazimu.

Baba alikuwa na kipimo chake. Alikuwa akinunua kahawa chungu kwa muuza kahawa, anaijaza finjani mpaka ukingoni, anaiweka juu ya dashibodi, anaendesha. Jioni ile nikafanya vile vile. Nilipita Makadara, nikapita matuta yote, nikapita pale palipochimbwa, nikarudi. Finjani haikumwaga hata tone. Niliinywa kahawa ile imekwisha kupoa, nimesimama kando ya gari, na nilikuwa na furaha. Niliona nimeshinda. Nikaenda barazani nikamwomba yule mzee aje kesho kumbeba mama, na nikamwomba kwa upole wa kweli, kwa sababu sikuwa tena na haja ya kumchukia.

Asubuhi wakambeba. Kiti kilikuwa chepesi, niliona jinsi walivyokishika. Watu walimsalimu milangoni, naye aliinua mkono tu. Tulimweka kiti cha nyuma, nikaondoa ile mito, nikamwambia, "Leo huhitaji mito, mama. Leo utaona." Akatabasamu.

Tukaenda. Tuta la kwanza tulilipita kama hakuna kitu, nami nikacheka. Nikasikia, "Ya Latifu."

Nikadhani ni mazoea. Mtu anaweza kuizoea dua ikamtoka bila sababu. Tuta la pili, gari halikutikisika, na akasema tena. Mahali pa lami mpya, iliyonyooka, isiyo na shimo hata moja, akasema tena. Nikaanza kusikiliza gari badala ya kumsikiliza yeye. Nilisikiliza pampu, nikasikiliza magurudumu, nikatafuta mlio wowote, nikiomba pawe na mlio. Hapakuwa na kitu. Lilikuwa zima kuliko lilivyokuwa wakati wa baba.

Barabara ya Digo tulikuta magari yamesimama. Lori la makontena lilikuwa limekwama mbele, hakuna anayekwenda. Nikasimama. Gari lilikuwa limetulia kabisa, halisogei mbele wala nyuma, injini inanong'ona. Wauza maji wanapita kati ya magari. Na nyuma yangu mama, ndani ya gari lililosimama, akavuta pumzi kwa meno na kusema, "Ya Latifu. Ya Latifu."

Sikugeuka. Niliendelea kutazama mgongo wa lori.

"Mwanangu," akasema.

"Labe, mama."

"Gari lako halina kitu. Lishapona."

"Nitaliangalia tena. Labda upande wa kushoto, lile tufe la nyuma..."

"Halina kitu. N'lijua zamani kuwa si gari."

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameegemeza kichwa, macho ameyafumba, jasho jembamba juu ya mdomo.

"Mbona hukunambia? Nimekubeba wiki zote hizi, nimekupitisha mashimoni, na wewe wajua?"

"Ulikuwa hulii," akasema. "Tangu waliponikata, kila ukinitazama wataka kulia. Ukishika spana, hulii. Nikasema, na ashike spana."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu daktari, kuhusu dawa ya mshipani, kwamba tumebakiza mwendo mdogo tu tufike. Alisubiri nimalize. Siku zote alikuwa akinisubiri nimalize.

"Sitaki kwenda tena huko," akasema. "Nimekwenda kwa ajili yako, sasa nimechoka. Nirejeshe nyumbani."

Lori likaanza kusogea. Nyuma walianza kupiga honi. Nilipiga taa ya kugeukia, nikangoja magari ya upande wa pili yapite, nikageuza. Nililia kutoka pale mpaka Ngomeni, kwa sauti, madirisha yakiwa wazi na watu wanatazama, naye hakuniambia ninyamaze.